Pasipo na Kitu Panaitwaje?

Mkulima wa Itaka, wilayani Mbozi, anapofikisha kahawa yake kwenye chama cha msingi, karani huiweka mzanini, huzidisha kilo kwa bei, kisha huandika kiasi mara mbili. Kwanza kwa tarakimu: 400,000/=. Halafu kwa maneno: shilingi laki nne tu. Mstari huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Una sifuri tano ambazo kila moja, ikisimama peke yake, haina thamani, lakini ukiifuta moja tu umemnyang'anya mwenye shamba shilingi 360,000. Una mkwaju na vistari viwili vinavyosema kwamba baada ya shilingi senti hakuna. Na una neno “tu”, lililowekwa mwishoni ili asipatikane mtu wa kuongeza kitu pale ambapo karani ameacha wazi.

Alama ya mkwaju tuliirithi kwa Waingereza. Wao waliandika 5/- wakimaanisha shilingi tano na peni hakuna. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza mwaka 1921, ikigawika kwa senti mia, alama ikahamia kwenye senti. Leo senti haziko mifukoni wala sokoni, na bei ya kitu chochote Mlowo au Tunduma bado huandikwa kwa mkwaju na vistari. Tunaendelea kuandika kwa uangalifu kwamba kitu ambacho hakipo, hakipo.

Katika stakabadhi moja, basi, zipo alama tatu za kutokuwapo, na zote zina kazi. Sasa jaribu kuuliza neno. “Kutokuwapo kwa kitu” kunaitwaje kwa Kiswahili, kwa nomino moja, kama vile tunavyosema mlima au njaa? Utapewa sifuri, utapewa ziro, bila, nunge, bure, patupu, kapa, hewa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofanya kazi nzima. Naamini mkusanyiko huu wa vipande unatueleza jambo kubwa kuhusu namna lugha yetu inavyouona ulimwengu, na kuhusu kilichotupata tulipoanza kulipachika neno la kigeni la hesabu kwenye watu.

Ili kuliona vizuri, tuanzie mbali kidogo. Zaidi ya miaka elfu iliyopita Waingereza walikuwa na neno nāwiht. Ni maneno mawili yaliyoshikana: nā, yaani kamwe, na wiht, yaani kiumbe au kitu. Kwao kutokuwapo kulikuwa kiumbe kilichokanushwa. Kwa matumizi ya karne nyingi neno lililika likawa naught na nought, na kaskazini mwa Uingereza, huko Yorkshire, wenyeji bado husema nowt. Tawi lake lingine liliendelea kulika mpaka likabaki not, kikanushi ambacho mwanafunzi wetu wa darasa la tatu hufundishwa bila kuambiwa kwamba ndani yake kuna kiumbe aliyekanwa.

Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, alieleza mwaka 1917 jinsi mambo haya yanavyotokea. Kikanushi cha kwanza hudhoofika masikioni mwa watu. Wanakiongezea neno la kukitia nguvu. Nyongeza inazoeleka, na baada ya vizazi kadhaa yenyewe ndiyo inayobeba ukanushi, huku kikanushi cha asili kikidondoka. Wafaransa walikuwa wakisema mtu haendi hata hatua. Leo neno lao la hatua, pas, ndilo linalokanusha kila kitu, hata mambo yasiyohusiana na miguu. Neno lao rien, wanalolitumia kwa maana ya hakuna kitu, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu. Nada ya Wahispania ilikuwa “kilichozaliwa”. Warumi nao walikuwa na nihil, na wanasarufi wao walilieleza kwamba ni ukanushi uliobandikwa kwenye hilum, kile kidude kidogo kinachong'ang'ania punje ya harage. Mtu yeyote aliyechambua maharage Mbozi anakijua kidude hicho, ila sisi hatukukitumia kujengea falsafa.

Njia hiyo ya Ulaya ina mantiki yake: unachukua kitu, au kipande kidogo kabisa cha kitu, unakikana. Kiswahili kinaijua pia. Tunasema sina hata chembe ya shaka, hakubakisha hata punje, haikunyesha hata tone. Wazee husema hawana hata thumni, au hata ndururu, sarafu ambazo vijana wengi hawajawahi kuzishika. Lakini angalia mpaka uliowekwa. Ukisema “nina hata thumni” ukaacha kiambishi cha ukanushi, sentensi imevunjika. Thumni haijapewa mamlaka ya kukanusha. Kwetu chembe na tone ni chumvi ya maneno. Mzigo wenyewe umebebwa na kitu kingine.

Kitu hicho ni mahali. Vunja neno hakuna: ha-ku-na. Ha ni ukanushi, na ni ule ushirika wa “kuwa na”, na katikati amekaa ku, kiambishi cha mahali. Hapana ni vivyo hivyo, kwa pa ya mahali panapojulikana. Hamna kwa mu ya ndani. Mswahili anapotaka kusema kitu hakipo hakikani kitu. Anasema mahali fulani hapakujaliwa kuwa nacho. Katika maneno haya matatu kitu chenyewe hakikutajwa, wala ngeli yake haikuguswa, wala mtu wala mnyama. Kilichotajwa ni pale, kule, au mle.

Ingia dukani Itaka jioni. “Shikamoo mama, sukari ipo?” “Marahaba mwanangu, hakuna, labda kesho gari likija.” Hiyo hakuna ni ya eneo zima, haikusema sukari imetoweka duniani. Mama akifunua kopo akakuonyesha, atasema hamna, kwa kuwa sasa anazungumzia mle ndani. Akikuelekeza kwa jirani atasema hapa hapana, jaribu pale. Mazungumzo ya kununua robo kilo yametumia ramani nzima ya kutokuwapo: eneo, chombo, na nukta iliyo mbele ya macho. Na kila jibu limeacha mlango, kwa sababu kilichokosekana hapa kinaweza kuwa pengine, na kilichokosekana leo kinaweza kuja kesho.

Ni kweli kwamba siku hizi hamna imezimeza nyingine katika mazungumzo ya vijana, ikawa jibu la kila swali, la chombo na la mbingu. Na hapana imetoka kwenye kazi yake ya mahali ikawa jibu la kukataa, ikikaa pamoja na la na hasha zilizotoka Uarabuni. Nasikitika kidogo kuona tofauti ya pa, ku na mu ikififia, maana ni hazina ambayo lugha nyingi zingeitamani. Hata hivyo mfupa wake bado ni ule ule. Tunasema pasipo shaka, na pasipo ni mahali ambapo si. Tunasema mtu ameambulia patupu, na patupu ni mahali patupu. Hata aliyekosa kabisa anaelezwa kama mtu aliyefika mahali, ila pakawa hapana kitu.

Hilo la tupu lina maajabu yake. Kikombe kitupu hakina kitu. Lakini uongo mtupu una uongo ndani yake na hauna kingine, na maji matupu ni maji yaliyojaa umaji. Kivumishi kimoja kinataja kukosa kila kitu na kuwa kitu kimoja bila kuchanganywa. Nimejaribu kukipatia maelezo ya mkato na naona hayapo isipokuwa haya: katika hali zote mbili kilichoondolewa ni kile cha ziada.

Pamoja na utajiri huo, kasoro ilikuwapo. Mahali pasipo na kitu hapawezi kujumlishwa. Huwezi kuzidisha hakuna kwa tano. Mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa na daftari alihitaji nomino, tena nomino inayokubali kuandikwa kwa alama. Ndipo ilipokuja sifuri.

Safari yake ni ndefu. Mwaka 628 mwanahesabu wa India, Brahmagupta, aliandika kanuni za kujumlisha na kutoa kwa kutumia sifuri kama namba kamili, miongoni mwa namba nyingine. Wahindi waliiita śūnya, yaani tupu. Karne mbili baadaye, Baghdad, Al-Khwarizmi aliandika juu ya hesabu za Kihindi, na Waarabu wakalitafsiri lile tupu kwa neno lao wenyewe, ṣifr. Kutoka hapo neno likagawanyika njia. Tawi moja lilivuka Bahari ya Mediterania. Fibonacci, kijana wa Pisa aliyefunzwa hesabu Bugia, katika Algeria ya leo, aliliandika kwa Kilatini mwaka 1202 kama zephirum. Waitalia wakalifupisha, na likazaa zero. Tawi jingine lilishuka na majahazi ya pepo za kaskazi mpaka Kilwa, Mombasa na Unguja, likawa sifuri.

Kwa hiyo mwalimu anayemkemea mwanafunzi akisema “usiseme ziro, sema sifuri” anatenganisha ndugu wa baba mmoja. Sifuri ilifika kwa jahazi kutoka mashariki, ziro ikazunguka Ulaya na kurudi na Waingereza. Zimekutana ubaoni baada ya miaka mia kadhaa, na moja inaonekana ya nyumbani na nyingine ya kigeni, kwa sababu tu moja ilitangulia kufika.

Masikio hupenda kuunganisha sifuri na jamaa zake wa sauti. Sufuria ya jikoni inatokana na ṣufr, shaba, kwa kuwa vyombo vya awali vilikuwa vya shaba. Herufi zinafanana na za ṣifr lakini maana zimepita njia mbali. Safari inaanza kwa herufi nyingine kabisa ya Kiarabu, ingawa kwa Kiswahili zote zimekuwa s. Undugu huo ni wa sikio, haufiki kwenye ukoo.

Kuna jambo moja la macho ambalo linanivutia kuliko yote haya. Katika tarakimu za Kiarabu zilizotumiwa pwani, sifuri ni nukta tu: ٠. Kiduara, kile tunachochora leo kwa chaki tukiita sifuri, kilikuwa tano: ٥. Pesa za shaba zilizotolewa kwa jina la Sultani Barghash wa Zanzibar zina mwaka wa Hijria, 1299 kwa toleo la kwanza na 1304 kwa toleo la baadaye, na ile 0 ya 1304 ni kinukta kwenye shaba. Mtu wa Unguja aliyezoea hesabu hiyo akionyeshwa daftari la Mjerumani au Mwingereza angesoma tano kila palipokuwa hapana kitu. Wakati elimu ya pwani na elimu ya misheni zilipokuwa zikikutana nchini, watoto wengine walifundishwa kwamba duara ni mkono mzima wa vidole na wengine kwamba duara ni utupu.

Mbozi ilipokea duara la pili. Wamoravian walifika mwishoni mwa karne ya 19, wakafungua misheni, na shule zikafuata. Wanyiha, wenyeji wa huko, walikuwa na hesabu zao na lugha yao, na Kiswahili kiliwafikia kikiwa kimekwisha kubeba mizigo ya watu wengi: moja, mbili na tatu za Kibantu, sita, saba na tisa za Kiarabu, laki ya Kihindi, milioni ya Ulaya. Sita na saba zilisukuma mtandatu na mfungate nje, na tisa ikaipeleka kenda pembeni, ingawa kenda bado hutumika na wanaopenda lugha. Sifuri haikumsukuma yeyote. Ilikuta kiti kiko wazi.

Michezo ilijaza viti vingine. Mtangazaji wa Dar es Salaam husema timu imeshinda mbili bila, na wa Nairobi husema mbili kwa nunge. Bila ni bi na lā za Kiarabu, kwa na hapana, kiunganishi kilichotarajia nomino mbele yake: bila sukari, bila kibali. Kwenye mpira nomino ilikatwa na kiunganishi kikabaki kinaning'inia, na sote tunaelewa ni bao ndilo lililokosekana. Shuleni watoto wana yai, kwa umbo lake daftarini.

Turudi kwenye pesa, maana huko ndiko sifuri inakouma. Mwaka 1299 wa kalenda ya Kizungu, chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuandika hesabu za vitabu kwa tarakimu mpya zilizotoka kwa Waarabu. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba tarakimu hugeuzwa kwa urahisi: sifuri hupewa mkia ikawa sita au tisa, au nyingine ikaongezwa mwishoni. Maneno hayageuziki hivyo. Karani wa kahawa anayeandika “laki nne tu” anafuata hofu ile ile ya wafanyabiashara wa Florence, na hofu hiyo ina msingi. Katika mfumo wa nafasi, kitu kisicho na thamani ndicho kinachoamua thamani ya vyote vilivyo kushoto kwake.

Tunduma walilijua hilo kwa vitendo tarehe 1 Januari 2013. Siku hiyo Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye fedha yake. Kwacha elfu moja ikawa kwacha moja. Nafasi ya noti ya 50,000 ikachukuliwa na noti ya 50. Mpaka kati ya Tunduma na Nakonde, mji wa upande wa Zambia, unapita katikati ya soko moja. Mama muuza nguo anapokea shilingi na kwacha kwa mkono ule ule, na wabadilisha fedha husimama barabarani na mabunda ya pande zote mbili. Mwishoni mwa 2012 shilingi moja ya Tanzania ilikuwa ikipata takriban kwacha tatu. Januari kwacha moja ikawa inapata takriban shilingi mia tatu. Ukubwa ulipinduka usiku mmoja, na hakuna aliyetajirika wala aliyefilisika. Kwa nusu mwaka, hadi mwisho wa Juni, noti za zamani na mpya zilizunguka pamoja, kwa hiyo kila anayehesabu alilazimika kuuliza kwanza: hii ni ya zamani au mpya? Ngwee, sehemu ya mia ya kwacha, ambayo mfumuko wa bei ulikuwa umeizika, ilirudi kama sarafu. Ukifuta sifuri juu, vidogo vya chini vinafufuka.

Si kila ufutaji ulikuwa mpole namna hiyo. Uganda, Mei 1987, ilifuta sifuri mbili, shilingi mia zikawa moja, na juu yake serikali ikakata asilimia 30 ya kila kilichobadilishwa. Hapo mwenye akiba hakupoteza alama za karatasini tu, alipoteza jasho. Na madereva wa malori wanaotoka kusini kupitia Tunduma walikuwa na simulizi za Zimbabwe, iliyofuta sifuri tatu mwaka 2006, kumi mwaka 2008, na kumi na mbili Februari 2009, mwezi mmoja baada ya kutoa noti ya dola trilioni 100, yenye sifuri kumi na nne. Fundi wa Harare angeweza kuishika trilioni mia mkononi na akashindwa kununua mkate wa wiki.

Tanzania haijafuta sifuri, na nadhani lugha imetusaidia kuvumilia. Tuna laki, neno moja linalomeza sifuri tano kwa mpigo. Tuna buku kwa elfu moja, na noti ya elfu kumi huitwa msimbazi kwa wekundu wake. Sifuri zipo kwenye karatasi, mdomoni hazisikiki. Mahali pekee tunapozitamka moja moja ni kwenye namba ya simu: sifuri saba tano, au ziro saba tano. Na hapo napo, mtu akiwa Nakonde akataka kupiga nyumbani kwa kuanza na 255, ile sifuri ya kwanza lazima aitoe. Ndani ya nchi ukiiacha simu haiendi. Nje ya nchi ukiiweka simu haiendi.

Serikali yenyewe iliongeza neno lake katika orodha. Mwaka 2016, katika msako ulioanza mwezi Machi, iligunduliwa kwamba hazina ilikuwa ikilipa zaidi ya watumishi 10,000 ambao hawapo: waliokufa, walioacha kazi, wasiowahi kuajiriwa. Watu wakawaita watumishi hewa. Hewa ni neno zuri kwa shughuli hiyo mbaya, kwa sababu mtumishi hewa si sifuri. Sifuri isingelipwa. Huyu alikuwa na jina, namba ya hundi, na mshahara uliofika mahali kila mwezi. Kutokuwapo kwake kulikuwa na mtu nyuma yake aliyekuwapo sana.

Nimeliweka mwisho neno linalonisumbua zaidi, na nalileta kupitia Kiingereza kwa mara nyingine. Kutoka naught walipata naughty. Mwanzoni mtu wa namna hiyo alikuwa yule asiye na kitu, fukara. Halafu akawa mwovu. Leo ni mtoto msumbufu. Umaskini ulifanywa kosa la tabia, kisha ukapunguzwa ukawa utundu. Kiswahili kina hatua inayofanana katika bure. Bure ni kisicholipiwa. Bure ni kisicho na matokeo: nimesumbuka bure. Na mtu bure ni mtu asiyefaa. Kutoka bei ya bidhaa mpaka thamani ya binadamu ni hatua mbili tu. Pengine ndiyo maana serikali ilipoondoa ada kuanzia Januari 2016 ilishikilia kusema elimu bila malipo, ingawa mtaani watu walisema elimu bure. Bila malipo inataja kilichoondolewa. Bure inaacha nafasi ya kudhani kwamba kitu chenyewe hakina thamani.

Neno lenyewe linalonisumbua ni ziro ya kidato cha nne. Matokeo yanapotoka, Itaka kama kwingine, simu zinapita mikononi, majina yanatafutwa, na mtu anasema: fulani kapata ziro. Wiki moja baadaye inakuwa: fulani ni ziro. Tazama hesabu yake. A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano, na zinajumlishwa kwa masomo saba. Aliyepata A zote ana pointi 7, daraja la kwanza. Daraja la nne linaishia pointi 33. Anayeitwa ziro ana 34 au 35. Katika mfumo mzima, mtu mwenye jumla kubwa kuliko wote ndiye aliyepewa alama ya kutokuwa na kitu. Na mwenye 34 amefaulu somo moja kwa D. Alifundishwa, aliandika, akapata. Sifuri iliyobandikwa jina lake haikupimwa. Ni jina la chumba walichowekwa waliosalia.

Februari 2013, matokeo ya mtihani wa 2012 yalipotangazwa, zaidi ya watahiniwa 240,000, takriban asilimia 60, walikuwa katika chumba hicho. Nchi ilishtuka, tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya mwezi Mei. Swali lililoulizwa nchi nzima lilikuwa la mahali: shuleni kuna nini? Kuna walimu wa sayansi? Kuna maabara, vitabu, madawati? Kwa siku chache Watanzania walizungumza sarufi yao wenyewe. Hakuna walimu. Hamna vitabu kabatini. Kisha mshtuko ukapita na tukarudi kuwaita vijana ziro. Kuanzia 2014 madaraja yaliachwa kwa muda na wastani wa pointi ukatumika, na neno lenyewe likatoweka kwenye matangazo rasmi. Mwaka 2016 madaraja yalirudi, na ziro pamoja nayo.

Msimamo wangu ni kwamba neno hili litoke kwenye matokeo ya watoto. Upimaji ubaki mkali kama unavyotakiwa kuwa, na aliyeshindwa aambiwe ameshindwa. Lakini lugha tunayo. “Hakupata daraja mwaka huu” ina kitenzi chenye mtendaji, chenye wakati, na chenye mwaka mwingine mbele yake. Mwanafunzi aliyeambiwa hivyo anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kukaa tena kwenye masomo aliyokosa. Akiambiwa yeye ni ziro, hata hajui ajisajili arudie kitu gani. Baraza la Mitihani linaweza kubadilisha kichwa cha safu moja kwenye jedwali lake. Magazeti yanaweza kuanza hata kabla ya hapo, na wazazi hawahitaji kumsubiri yeyote.